Namna ya Kufuatilia Maneno ya Kidravidi katika Kiprakriti na Kuunda Upya Maumbo Yake

Maswali ni yaleyale kila muhula: "Nimeona neno la Kiprakriti linalofanana na la Kitamil, je, nimepata mkopo?" au "Kamusi inasema neno hili ni *deśī*. Kwa hiyo ni la Kidravidi, sivyo?" (*Deśī* ni jina la maneno ya Kiprakriti ambayo wanasarufi walishindwa kuyatoa katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India.) Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu kwa mkupuo mmoja, kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kuonja isimu linganishi, pengine kupitia Kibantu, na ambaye sasa anataka kuijaribu katika Bara Hindi. Kufanana kwa maneno mawili ni sababu ya kuanza kazi, wala si matokeo ya kazi. Neno huhesabiwa kuwa mkopo pale linapokuwa na ukoo unaojulikana upande mmoja na likawa yatima upande wa pili, na pale umbo lake la kale, si la leo, linapoingia katika lugha pokezi kwa kufuata kawaida za lugha hiyo.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Kiprakriti si lugha moja bali ni jina la jumla la lugha za Kihindi-Kiarya za zama za kati: lugha za maandishi ya mfalme Ashoka ya karne ya 3 KK, Kiardhamagadhi cha vitabu vya Wajaini, Kimaharashtri cha mashairi, Kishauraseni na Kimagadhi zinazosikika katika tamthilia, hadi Kiapabhramsha kilichokaribia lugha za leo. Kipali huwekwa katika kundi hilohilo. Kidravidi ni familia nyingine kabisa yenye matawi manne: la kusini (Kitamil, Kimalayalam, Kikannada, Kitulu), la kusini-kati (Kitelugu, Kigondi, Kikui), la kati (Kikolami, Kiparji) na la kaskazini (Kikurukh, Kimalto na Kibrahui, ambacho makao yake makuu ni Balochistan).

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa kamusi ya etimolojia ya Kidravidi ya Burrow na Emeneau, toleo la pili la mwaka 1984 na si la kwanza la 1961, kwa kuwa namba za vidahizo (maneno yaliyoorodheshwa) zilibadilika kati ya matoleo hayo na utajikuta unamwelekeza msomaji wako kwenye neno jingine kabisa. Andaa pia kamusi linganishi ya lugha za Kihindi-Kiarya ya Turner. Zote mbili zinapatikana katika mkusanyo wa kamusi za kidijitali wa Chuo Kikuu cha Chicago, na unaweza kuzitafuta bila malipo. Kwa Kiprakriti chenyewe, chombo cha thamani ni orodha ya maneno ya *deśī* iliyotungwa na Hemachandra, mwanazuoni wa Kijaini wa karne ya 12 huko Gujarat, yenye maneno karibu 4,000.

Hitaji la mwisho huonekana dogo, nalo ndilo lililowahi kunitia aibu: fonti inayohifadhi nukta na mistari ya herufi. Katika kazi hii *t* na *ṭ* ni sauti mbili tofauti, na vivyo hivyo *l* na *ḷ*. Niliwahi kuhamisha jedwali langu kutoka programu moja kwenda nyingine, nukta zote zikapotea bila mimi kutambua, na kwa wiki nzima nikafurahia "mikopo" mitatu ambayo haikuwapo. Tangu hapo, kabla ya kufunga faili, huhakiki neno moja lenye *ṭ* na jingine lenye *ḷ*.

Hatua ya 1: Chagua neno moja na ulisajili kikamilifu

Andika umbo, maana, aina ya Kiprakriti, na mahali lilipopatikana: katika matini halisi, au katika orodha ya wanasarufi pekee? Tofauti hii ni nzito, kwa sababu neno lililo katika shairi linaonekana likitumika, ilhali neno la orodhani hutegemea kumbukumbu ya mtunzi na mkono wa wanakili. Hemachandra kwa kawaida huyaorodhesha maneno yakiwa na viishio vya kisarufi, hivyo ukikuta *ūro* "kijiji", ondoa kiishio cha nomino na usajili *ūra-*. Mzungumzaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili, kwani sisi wenyewe tulilichukua neno la Kiarabu, tukalipa wingi wa *vitabu*, na hakuna anayekitafuta kiambishi *vi-* huko Uarabuni.

Usijaribu kushughulikia maneno ishirini kwa pamoja. Neno moja lililofanyiwa kazi vizuri litakufundisha zaidi.

Hatua ya 2: Litafutie kwanza asili ya Kisanskriti

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoangusha madai mengi. Jifunze angalau mabadiliko makuu ya sauti. Makundi ya konsonanti huwa konsonanti maradufu: *sapta* "saba" ikawa *satta*, *hasta* "mkono" ikawa *hattha*. Katika Kimaharashtri, vipasuo vilivyo kati ya irabu hudondoka, hivyo *loka* "ulimwengu" ikawa *loa*, na vile vyenye mpumuo (pumzi inayosikika baada ya konsonanti) hubaki kuwa *h* tu, kama *mukha* "uso" ilivyokuwa *muha*. Sauti *y* mwanzoni mwa neno huwa *j*, na *n* mara nyingi huwa *ṇ*.

Mfano wa mabadiliko haya tunao mifukoni mwetu. Kisanskriti *lakṣa* kikawa Kiprakriti *lakkha*, konsonanti maradufu ikafupishwa na irabu ikarefushwa katika Kihindi *lākh*, na kwa njia ya wafanyabiashara neno likafika kwetu kama *laki*. Neno *gari* lina safari inayoshabihiana na hiyo kuanzia Kiprakriti *gaḍḍī*, kupitia maumbo ya aina ya Kigujarati *gāḍī*, ila hilo halina mzazi wa wazi katika Kisanskriti.

*Tahadhari.* Wanafunzi wengi huamini kwamba sauti za retrofleksi, yaani zile zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa kuelekea kaakaa (*ṭ, ḍ, ṇ*), ni alama ya Kidravidi. Sivyo. Kiprakriti huzizalisha chenyewe, hasa palipokuwa na *r* au *ṛ*: *mṛttikā* "udongo" ikawa *maṭṭiā*, na *prathama* "-a kwanza" ikawa *paḍhama*. Kama ushahidi wako wote ni nukta iliyo chini ya herufi, huna ushahidi.

Hatua ya 3: Tafuta ukoo wa neno upande wa Kidravidi

Neno likishindwa kupata mzazi wa Kisanskriti, sasa fungua kamusi ya Kidravidi. Usitosheke na lugha moja. Tafuta lugha tatu au zaidi, kutoka matawi mawili angalau. Chukua *poṭṭa* "tumbo", neno linalopatikana katika Kiprakriti na kuendelea katika Kimarathi *poṭ*. Kisanskriti cha kale hakina mzazi wake, kwani neno lake la kawaida la tumbo ni *udara*. Upande wa pili tuna Kitelugu *poṭṭa* na Kikannada *hoṭṭe*, ambacho zamani kilikuwa *poṭṭe*, pamoja na maumbo yanayofanana katika Kikolami na Kigondi.

Hapa simama kidogo. Kikolami na Kigondi huzungumzwa ubavuni mwa Kimarathi na Kitelugu, na zimekopa kutoka kote kuwili. Maumbo yake hayawezi kuhesabiwa kuwa mashahidi huru mpaka uonyeshe kwamba hayakutoka kwa jirani. Kumbuka pia kwamba Kitamil husema *vayiṟu* kwa tumbo, hivyo mwanafunzi aliyezoea kukifanya Kitamil kipimo cha Kidravidi chote angelitupa neno hili mapema. Kitamil kina fasihi kongwe kuliko ndugu zake, lakini si baba yao.

Hatua ya 4: Unda upya umbo la Kidravidi

Weka maumbo ya lugha zote katika safu moja, kisha uliza kila sauti imetoka wapi. Kanuni nne zitakufikisha mbali.

Kwanza, *p* ya mwanzo katika Kikannada iligeuka *h* kuanzia takriban karne ya 10. Kwa hiyo Kitamil *pāl* na Kitelugu *pālu* "maziwa" huenda na Kikannada *hālu*, na *p* ndiyo ya asili. Pili, *k* kabla ya *i* na *e* iligeuka *c* katika Kitamil, Kimalayalam na Kitelugu, ilhali Kikannada kiliihifadhi; ndiyo maana "sikio" ni *cevi* katika Kitamil na Kitelugu lakini *kivi* katika Kikannada, na umbo la awali huandikwa *\*kewi*. Tatu, *v* ya mwanzo huwa *b* katika Kikannada: Kitamil *vā* "njoo", Kikannada *bā*. Nne, Kitelugu hupenda kuvuta irabu na konsonanti zibadilishane nafasi mwanzoni mwa neno: Kitamil *iraṇṭu* "mbili", Kitelugu *reṇḍu*.

Kinyota huonyesha kwamba umbo limeundwa na wataalamu na halikuandikwa na mtu yeyote zamani, kama tunavyofanya kwa *\*-ntu* ya Mame-Bantu, lugha mama ya Kibantu. Ukikisahau, umemdanganya msomaji.

Kwa *poṭṭa*, kanuni ya kwanza inatusaidia mara mbili. Inatuambia kwamba umbo la awali lilikuwa na *p*, na pia inatupa tarehe: Kiprakriti hakikuweza kulipata neno hili kutoka Kikannada cha *hoṭṭe*. Kilikopa kabla ya badiliko hilo, au kilikopa kwa jamaa wa Kitelugu. Mwanafunzi anayeweka Kiprakriti kando ya Kikannada cha leo ataona *p* na *h*, atasema hazilingani, na ataondoka na jibu lisilo sahihi kwa sababu ya kulinganisha neno la kale na mjukuu wa shangazi yake. Hali ni hiyohiyo kwa *palli* "kijiji kidogo", neno linalokaa mwishoni mwa majina ya miji kama Tiruchirappalli, na ambalo katika vijiji vya Karnataka, jimbo la Kikannada, huonekana kama *haḷḷi*.

*Tahadhari.* Maandishi ya Kitamil hayatofautishi vipasuo ghuna (kama *g*) na sighuna (kama *k*). Herufi moja hutamkwa *k* mwanzoni mwa neno na karibu na *g* inapokuwa kati ya irabu au baada ya nazali. Linganisha sauti, usilinganishe herufi.

Hatua ya 5: Pima kama Kiprakriti kingelipokea hivyo

Kidravidi cha awali hakikuwa na konsonanti zenye mpumuo, zile ambazo msemaji wa Kimvita huzisikia bila taabu, wala hakikuanza neno kwa kipasuo cha retrofleksi au kwa kundi la konsonanti. Basi neno la Kiprakriti kama *cikkhalla* "tope", lenye *kkh*, au *ḍuṃgara* "mlima", lenye *ḍ* mwanzoni, haliwezi kuitwa la Kidravidi mpaka ueleze mpumuo huo au hiyo *ḍ* vimetoka wapi. Kwa upande mwingine, Kidravidi kina *e* na *o* fupi, sauti ambazo Kisanskriti hakina. Kiprakriti kinazo kabla ya konsonanti maradufu, na kwa hiyo *poṭṭa* ilipokelewa bila kulazimika kubadili kitu.

Sauti ngumu kuliko zote ni ile inayoandikwa *ḻ* katika Kitamil. Kihindi-Kiarya hakikuwa nayo, hivyo kila mkopaji aliibadilisha kadiri alivyoweza. Jina *tamiḻ* lenyewe ni somo: Kipali kina *damiḷa*, Kiprakriti cha Wajaini kina *damila*, na Kisanskriti kina *dramiḍa* na *draviḍa*. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba *r* hiyo iliongezwa na wasomi waliojua kuwa *d* ya Kiprakriti mara nyingi ilitokana na *dr*, wakalitengeneza neno ambalo halikuwa limeharibika. Ni kutokana na umbo hilo la Kisanskriti ndipo Robert Caldwell alipochukua jina la familia nzima mwaka 1856.

Ulinganifu usipotimia, andika hivyo. Kiprakriti *pulli* "simbamarara" kinaelekea kuwa Kidravidi *puli*, kwa kuwa neno hilo lipo katika Kitamil na Kitelugu, na Kikannada kina *huli*. Hata hivyo, *l* maradufu inadai maelezo. Mimi huliweka neno hili katika safu ya "yaelekea", siliweki katika safu ya "hakika".

Hatua ya 6: Amua mkopo ulielekea wapi

Lugha hizi ziliishi pamoja kwa muda mrefu na zilikopeshana. Kitamil *āyiram* "elfu" huonekana kuwa cha nyumbani, lakini ukiona Kikannada cha kale *sāsira* unatambua Kisanskriti *sahasra* nyuma yake. Jiulize basi: neno lina shina na ndugu katika lugha ipi? Limeenea katika matawi mangapi? Je, lipo katika Veda, matini kongwe kabisa za Kisanskriti?

Maana nayo hutoa ushahidi, wakati mwingine mzuri kuliko sauti. Neno la Kiprakriti *attā* hutajwa na Hemachandra kwa maana za mama, shangazi na mavyaa. Kihindi-Kiarya kina maneno mawili tofauti kwa watu hao: *piucchā* ni shangazi, *sāsū* ni mama mkwe. Kwa nini basi neno moja libebe wote wawili? Kwa Wadravidi hakuna fumbo, kwa sababu ndoa na mtoto wa shangazi au wa mjomba imekuwa desturi ya jamii zao nyingi, na anayemwoa binti wa shangazi yake hupata shangazi na mama mkwe katika mwili mmoja. Kikannada *atte* na Kitelugu *atta* hubeba maana hizo hadi leo. Katika shairi maarufu la mkusanyo unaohusishwa na mfalme Hala, mke ambaye mume wake hayupo anamwonyesha mgeni, kungali mchana, mahali anapolala *attā* na mahali anapolala yeye mwenyewe, asije akakosea kitanda gizani. Huyo *attā* ni mavyaa, na msikilizaji aliyezoea mashairi hayo anajua kwamba maelekezo hayo ni mwaliko.

*Tahadhari.* Umbo *attā* peke yake halithibitishi chochote, kwa kuwa maneno ya kitoto ya aina ya *mama, baba, atta, akka* huzuka kila mahali. Kigothi, huko Ulaya, kilimwita baba *atta*. Kinachobeba mzigo hapa ni ule mchanganyiko wa maana.

Hatua ya 7: Pendekeza mahali na wakati

Mkopo huhitaji watu waliokutana. Kwa maneno ya Kimaharashtri, mahali panapofaa kuanzia ni Dekani, uwanda wa juu wa kusini-kati mwa India, ya watawala wa Satavahana, waliokuwa na makao Paithan kando ya mto Godavari na walioandikisha kwa Kiprakriti katika maeneo kama Nanaghat na Nashik. Baadhi ya sarafu zao za fedha zina Kiprakriti upande mmoja na lugha ya Kidravidi upande wa pili. Ni vigumu kupata ushahidi wa wazi zaidi kwamba lugha hizo zilipita katika mikono ileile.

Chukua *tuppa* "samli": ipo katika Kiprakriti, Kimarathi kina *tūp*, Kikannada kina *tuppa*. Kitamil na Kitelugu hutumia *ney* na *neyyi*. Hivyo neno limejikusanya mahali pamoja, mpakani mwa Kimarathi na Kikannada, na hilo linatuonyesha eneo la mkutano bila kutuambia nani alimpa nani. Wapo wanaoliita la Kidravidi moja kwa moja. Mimi ningesubiri, kwa sababu neno lisilovuka tawi moja halijaonyesha ukoo.

Ukikwama

*Neno lipo pia katika Kisanskriti.* Hilo haliliondolei Udravidi. Kisanskriti kilikopa pia, kama *nīra* "maji" inayofungamanishwa na Kidravidi *nīr*, na mara nyingine kilivisha nguo za Kisanskriti neno lililotoka Kiprakriti. Baadhi ya wataalamu huiona *muktā* "lulu" hivyo: Kidravidi *muttu*, Kiprakriti *mutta*, kisha *kt* ikaongezwa na wasomi waliodhani wanarudisha sauti iliyopotea. Tazama tarehe ya matini ya kwanza kabla hujaamua.

*Kamusi ya Turner inalipa neno langu mzazi.* Angalia kama kidahizo kina kinyota. Kikiwa nacho, hicho si Kisanskriti kilichoandikwa popote, bali ni umbo alilolibuni Turner ili aunganishe lugha za baadaye. Kidahizo chake cha tumbo ni cha aina hiyo.

*Neno limeitwa* deśī. Maana yake ni kwamba wanasarufi walishindwa kulitoa katika Kisanskriti kwa kanuni zao. Ndani yake mna maneno ya Kidravidi, ya Kimunda (familia nyingine ya lugha za India), ya Kiajemi, na mengine mengi ambayo ni ya Kisanskriti tupu ila mabadiliko yake yaliwapita.

*Nimepata ndugu wa Kidravidi katika Kikurukh au Kibrahui pekee.* Shuku mara mbili. Lugha hizo zimezungukwa na majirani wasio Wadravidi kwa karne nyingi, na yaelekea zaidi kwamba zenyewe ndizo zilizokopa.

*Sikupata mzazi upande wowote.* Andika "asili haijulikani" katika safu yake, acha namba za vidahizo ulivyovipekua na sababu ya kuvikataa, kisha chukua neno linalofuata. Katika jedwali langu safu hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, na kila mwaka neno moja au mawili hutoka humo.